Chanjo, Amri na Kuaminiana: Historia ya Kukubali na Kusita katika Kibera na Kawangware

UTANGULIZI

Ugonjwa wa Korona ulipotangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, haukuwakuta watu wasio na historia. Kila mtaa wa Nairobi ulikuwa na kumbukumbu zake za maradhi, za waganga na za maofisa wa serikali, na kumbukumbu hizo ndizo zilizotumika kuipimia kila habari mpya. Chanjo ilipowasili mwaka mmoja baadaye, walikuwako walioikimbilia, walioikataa, na walioingoja huku wakiwatazama wenzao kwanza. Aghalabu maelezo yaliyotolewa juu ya makundi haya mawili ya mwisho yalikuwa mafupi: kwamba watu wa mitaa ya mabanda hawakuelimika, na kwamba huamini uvumi upesi kuliko ukweli.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Ukiangaliwa mwendo wa mambo katika Kibera na Kawangware, itadhihirika kwamba mkazi hakuipima sindano peke yake. Alimpima pia aliyeileta, na akayakumbuka mambo mengine ambayo mkono uo huo ulikwisha kumletea. Lugha ya Kiswahili imehifadhi sehemu ya ushahidi wa jambo hili. Kwa hiyo yafaa kuanza na maneno kabla ya kuingia katika matukio.

MANENO MATATU

Kuchanja ni kupasua au kukata. Kuni huchanjwa, na ngozi huchanjwa chale. Mganga wa jadi alichanja ngozi na kuipaka dawa mahali palipokatwa, ama kwa kutibu ama kwa kumkinga mtu na madhara yajayo. Kitenzi hicho kikinyambuliwa kuwa kuchanjiana, hupata maana nzito zaidi: watu wawili wasiozaliwa pamoja walichanjiana, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo wakawa ndugu. Kwa hiyo mzizi wa neno chanjo umebeba mambo mawili, yaani kinga na mapatano. Chanjo ya ndui ilipoletwa na wageni ilitolewa kwa kuukwaruza mkono, na msemaji wa Kiswahili hakuhitaji kuazima neno. Jina limedumu hata pale ambapo tendo limebadilika. Matone ya kuzuia polio hutiwa mdomoni bila ngozi kuguswa, nayo pia huitwa chanjo.

Katika mazungumzo ya Nairobi neno jingine limepata nguvu, nalo ni kudungwa. Mtu hudungwa sindano, hudungwa na mwiba, na hudungwa kisu. Si lazima anayesema amedungwa awe na chuki na sindano. Huenda anatumia tu neno la kila siku. Hata hivyo tofauti ya maana iko wazi. Kuchanjwa huelekeza fikira kwenye kinga ipatikanayo. Kudungwa huzielekeza kwenye ncha, na kwa yule anayeishika.

Neno la tatu ni jaribu. Mtaalamu asemapo kwamba chanjo imefanyiwa majaribio, anakusudia kumtuliza msikilizaji: imepimwa, imeonekana salama. Lakini msikilizaji aweza kusikia jambo lililo kinyume, kwamba yeye ndiye anayefanyiwa majaribio. Tena neno majaribu, lililo jirani yake kabisa, ni la misiba na misukosuko inayompata mja. Tarehe 1 Aprili 2020, kabla chanjo yoyote ya Korona haijapatikana duniani, mganga mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walizungumza katika televisheni ya kwao juu ya kuijaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya Korona katika Afrika. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyalaani maneno hayo kuwa ni ya kibaguzi. Hata hivyo maana mbaya ya neno majaribio ilikuwa imekwisha kupewa ushahidi. Majaribio ya chanjo ya Chuo Kikuu cha Oxford yalipoanza Kilifi mwezi wa Oktoba 2020, kwa idhini ya mamlaka za Kenya zenyewe, yalianza chini ya kivuli cha maneno ya Aprili.

MITAA MIWILI

Kibera na Kawangware hutajwa pamoja kana kwamba ni mahali pamoja. Yako yanayofanana: vyumba vya kupanga vilivyosongamana, vibarua wanaolipwa kwa siku, maji ya kununua kwa mtungi. Lakini asili zake ni mbali.

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao waliruhusiwa kukaa huko bila kupewa hati za ardhi. Baada ya uhuru wa 1963 ardhi ile ilihesabiwa kuwa ya serikali, na vijiji vyake, kama Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Soweto na Kisumu Ndogo, vikakua bila haki iliyoandikwa. Ni mwaka 2017 tu jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya ekari 288. Kwa muda wote huo ofisa aliyeingia Kibera na karatasi mkononi aliogopwa, kwa kuwa karatasi yaweza kuwa ya kuhesabu watu au ya kuwaondoa. Tarehe 23 Julai 2018 ilikuwa ya kuwaondoa: matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu, pamoja na shule, ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata ipite.

Kawangware iko upande wa Dagoretti, katika ardhi ya Wakikuyu ambayo ilikuwa nje ya mipaka ya jiji mpaka ilipotiwa ndani wakati wa uhuru. Huko viwanja vingi vina wenyewe, na mpangaji anamjua mwenye nyumba wake. Hofu kubwa ya mpangaji wa Kawangware ni kodi ya mwezi, na wakati wa uchaguzi ni kabila la jirani. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliigusa mitaa yote miwili, na za mwaka 2017 vilevile. Katika mwaka huo mashirika ya kutetea haki za binadamu yaliandika juu ya watu waliouawa na polisi katika mitaa ya wanyonge ya Nairobi, Kibera na Kawangware zikiwa miongoni mwake. Hivyo, kwa njia mbalimbali, mitaa hii ilifika mwaka 2020 ikiwa imezoea kuiona serikali mlangoni ikiwa na rungu mara nyingi kuliko ikiwa na dawa.

SINDANO KABLA YA KORONA

Si kweli kwamba Mwafrika wa Kenya aliichukia sindano tangu awali. Historia yaonyesha pande mbili, na zote mbili zafaa kukumbukwa.

Upande wa kwanza ni wa amri. Nairobi ilikuwa na umri wa miaka michache tu tauni ilipoingia mwaka 1902. Mganga wa serikali aliamuru soko la Wahindi lichomwe moto, nalo likateketea. Tauni ilirudi mara kadhaa, na mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliyeletwa kutoa ushauri wa afya alipendekeza watu wa rangi mbalimbali wakae mbalimbali. Tangu hapo afya ya jiji na ubaguzi wa makazi vilishikana mikono. Mkaaji asiye Mzungu alijifunza kwamba neno afya likitamkwa na ofisa, nyumba yake iko hatarini.

Upande wa pili ni wa hiari. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifanya kampeni ya kutibu buba kwa sindano katika maeneo ya Waafrika. Watu walikuja kwa wingi, wengine wakitembea mwendo mrefu. Hawakusukumwa na askari. Walikuja kwa sababu waliona vidonda vya majirani zao vikikauka katika muda mfupi baada ya sindano. Ushahidi ulikuwa katika ngozi ya mtu waliyemfahamu. Sifa ya sindano kuwa dawa yenye nguvu kuliko ya kunywa, ambayo ingali hai katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, ilipata nguvu kubwa katika siku hizo.

Lakini chanjo haina faida hiyo ya buba. Sindano ya buba iliondoa kidonda kilichoonekana. Chanjo huzuia ugonjwa ambao bado haujaja, na mafanikio yake ni kwamba hakuna kitu kinachotokea. Anayechanjwa hana budi kuamini neno la mwingine. Ndiyo maana kusita si alama ya ujinga. Mfano mashuhuri wa jambo hili ulitokea kwa jirani wa Kenya upande wa mashariki. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui iliyoenea yenyewe, mwezi wa Oktoba 1977, alikuwa Ali Maow Maalin wa Merka, Somalia. Hakuwa mtu wa porini. Alikuwa mpishi wa hospitali, akizungukwa na wachanjaji kila siku. Alikwepa chanjo, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, kwa kuogopa maumivu. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya kuondoa polio nchini mwake, akawaeleza wazazi waliosita kisa chake mwenyewe, na aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 2013. Wazazi walimsikiliza mtu aliyewahi kusita kama wao.

PEPOPUNDA, 2014 HADI 2017

Tukio lililotayarisha masikio ya Wakenya kwa habari za Korona lilikuwa la chanjo nyingine. Mwaka 2014 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, iliendesha kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu Wakatoliki walitoa shutuma nzito: kwamba chanjo ile ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Waliuliza kwa nini wanawake peke yao, na kwa nini dozi nyingi namna ile.

Maswali hayo yalikuwa na majibu ya kitaalamu. Pepopunda huwaua watoto wachanga kwa kuingia katika kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na mama aliyechanjwa humrithisha mwanawe kinga kabla hajazaliwa. Ndiyo sababu ya kuwachagua wanawake wa umri wa kuzaa. Dozi tano ni desturi ya chanjo hiyo katika nchi nyingi. Ama kuhusu homoni, serikali na mashirika yale yalieleza kwamba vipimo vilivyotumika kuitafuta vilitengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu, si kwa chanjo. Lakini majibu haya yalipotolewa kwa nguvu, yalikuwa yamekwisha kuwa utetezi. Laiti yangalitangulia sindano yangalikuwa elimu.

Mwaka 2015 maaskofu waliwataka waumini wajiepushe pia na kampeni ya polio. Mwezi wa Septemba 2017, katika joto la uchaguzi, Raila Odinga aliirudia hadharani shutuma ya pepopunda. Maneno yake yalikuwa na uzito wa pekee Kibera, kwani alikuwa mbunge wa Langata, jimbo lililoihusu Kibera siku hizo, tangu 1992 hadi 2013. Hapa yaonekana wazi kwamba uvumi wa utasa haukuzaliwa vichochoroni. Ulitamkwa na viongozi wa dini na wa siasa, watu walioheshimiwa na wenye elimu, kisha ukashuka mtaani ukiwa na mamlaka yao. Kumlaumu mama wa Gatwekera au wa Gatina kwa kuusadiki ni kumlaumu kwa kuwasikiliza wakubwa wake.

KORONA, 2020 NA 2021

Ugonjwa ulikuja na ndege, na waliotajwa kwanza walikuwa wasafiri wa ng'ambo. Kwa hiyo mitaani ulionekana mwanzoni kuwa ugonjwa wa wenye pasipoti. Lakini amri zake ziliwaangukia wasiosafiri. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na kabla ya juma moja kupita mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa barazani mwa nyumba yao katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Tarehe 10 Aprili watu wa Kibera walisongamana kupokea chakula cha msaada, wakakanyagana, na polisi wakatumia moshi wa kutoza machozi. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliamuru uchunguzi juu ya ununuzi wa vifaa vya Korona katika shirika la serikali la madawa, baada ya habari kuenea kwamba watu wachache walijitajirisha. Mkazi aliyeambiwa anawe mikono kwa maji asiyokuwa nayo alisikia kwamba fedha za kumkinga zimeliwa.

Haya hayakuwa mambo ya chanjo, lakini ndiyo yaliyoitangulia. Methali yasema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni moja, ilifika Nairobi mwanzoni mwa Machi 2021, na tarehe 5 Machi Dakta Patrick Amoth, Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, alichanjwa wa kwanza katika Hospitali ya Kenyatta mbele ya wapiga picha. Kabla ya majuma mawili kwisha, Denmark, Ujerumani, Ufaransa na Italia zilisimamisha kwa muda chanjo iyo hiyo ili kuchunguza habari za damu kuganda. Uchunguzi ulionyesha kwamba madhara hayo ni nadra sana, na kwamba faida ya chanjo yaishinda hatari yake. Lakini redio ilifika Kawangware kabla ya uchunguzi. Mwezi uo huo chama cha madaktari Wakatoliki kilitoa waraka wa kuipinga chanjo. Safari hii maaskofu walikataa kuwaunga mkono, wakasema kwamba chanjo yaruhusiwa. Mwishoni mwa Aprili mwenyekiti wa chama kile alifariki kwa Korona.

Yafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo takwimu za waliochanjwa huyachanganya. Kutochanjwa si sawa na kukataa. India ilipozuia usafirishaji wa chanjo kwa sababu ya maafa yake yenyewe, Kenya ilibaki na chanjo haba kwa miezi kadhaa, na walioipata dozi ya kwanza waliingoja ya pili wakiwa na wasiwasi. Mwenye kibarua cha siku alikuwa na hesabu nyingine pia. Kupanga foleni ni kupoteza ujira wa leo. Homa ya baada ya sindano ni kupoteza ujira wa kesho. Na dozi ya pili ni kuirudia hesabu yote. Chanjo ya dozi moja ilipoanza kuwasili mwezi wa Septemba 2021 hesabu hiyo ilipungua nusu. Kadhalika chanjo ilipotolewa hospitalini ndani ya sokoni, penye vituo vya matatu na makanisani, aliyekuwa akisemwa kwamba amekataa aliweza kuonekana kuwa alikosa nafasi tu.

Mwezi uo huo wa Septemba ulileta fundisho jingine. Uingereza, iliyoipa Kenya chanjo ya AstraZeneca kama zawadi, haikuvitambua vyeti vya watu waliochanjwa Kenya katika sheria zake za usafiri, mpaka mazungumzo ya serikali mbili yalipofanyika. Mkazi wa Kibera hakuwa na safari ya London, lakini swali lilijileta lenyewe: je, kinachotolewa na mkono ule huku, na kukataliwa na mkono uo huo kule, ni kitu kimoja?

AMRI YA DESEMBA

Tarehe 21 Novemba 2021 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba mtu asiyeweza kuonyesha kwamba amechanjwa hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Lengo lilikuwa kuwafikia watu wazima milioni 10 kabla ya mwaka kwisha. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo katikati ya Desemba, kabla haijaanza kutumika.

Amri ile ilikuwa na hoja yake. Watu walikuwa wakifa, chanjo ilikuwa imepatikana hatimaye, na dozi zilizokaa ghalani zilikuwa na tarehe ya kuharibika. Wako waliokwenda kuchanjwa kwa sababu yake, na waliokingwa walikingwa kweli. Lakini katika mitaa inayochunguzwa hapa amri ilikuwa na gharama isiyoonekana katika hesabu za Desemba. Iliirudisha chanjo katika lile fungu la mambo yaletwayo na dola kwa nguvu, pamoja na kafyu, ubomoaji na kipande. Aliyechanjwa kwa kuhofia kunyimwa kitambulisho alitoka na kinga mwilini, lakini hakutoka na imani zaidi kwa aliyemchanja. Na chanjo si ya siku moja. Mwaka 2019 Kenya ilikuwa imeanza kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na Julai 2025 ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo, ugonjwa ambao Kibera imeujua kwa muda mrefu kwa sababu ya maji yake. Kila moja ya chanjo hizi hubisha mlango ule ule, na mwenye nyumba humkumbuka aliyebisha jana.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba mambo yaliyowafanya watu wa Kibera na Kawangware wakubali au wasite hayakuwa ya aina moja. Yalikuwako ya mkate wa kila siku, ya uhaba wa chanjo yenyewe, ya maneno ya wakubwa, na ya kumbukumbu za dola. Katika hayo yote, habari sahihi ilihitajika sana, lakini peke yake haikutosha, kwa kuwa habari haisafiri bila msemaji. Waliokuja kwa sindano ya buba waliamini ngozi ya jirani. Wazazi wa Somalia walimwamini mpishi aliyeponea chupuchupu. Na waliosita mwaka 2021 waliuliza, kwa haki kabisa, ni nani anayesema na alisema nini mara ya mwisho.

Kwa wanafunzi wa lugha liko jambo la kuzingatia zaidi. Kampeni za afya zimekuwa zikitafuta maneno mepesi ya Kiswahili ya kuwafikishia watu elimu, na kazi hiyo ni njema. Lakini neno majaribio halitaacha kutisha kwa kutafutiwa kisawe, na kudungwa hakutakuwa kuchanjwa kwa tangazo la redio. Wasemaji wa zamani waliojua kuchanjiana walijua kwamba ngozi haikatwi kabla ya mapatano. Pande zote mbili zilijitokeza, kila upande ukamjua mwenzake, ndipo kisu kikatolewa.